Kitu Kigumu Chini ya Kisigino: Je, Nichimbe Mpaka Kwenye Mzizi?

SWALI: Daktari, kwa miezi kadhaa nimekuwa na kitu kigumu chini ya kisigino, chenye vidoa vyeusi katikati, kinachoniuma nikikanyaga kana kwamba nimekanyaga kokoto. Nilidhani ni sugu, nikakikata kwa wembe, kikatoka damu nyingi. Sasa vimeota vingine viwili kandoni. Je, nichimbe mpaka nitoe mzizi?

JIBU: Usichimbe, kwa sababu hakuna mzizi. Maelezo yako yanaelekea kwenye chunjua, ambalo husababishwa na virusi vya papiloma vinavyopenya kupitia mchubuko mdogo, hasa ngozi ikiwa imelowa, na ambavyo huishi katika tabaka la juu la ngozi peke yake. Vidoa vyeusi ambavyo wengi huviita mizizi ni vimishipa vya damu iliyoganda, na ndiyo maana ulipokata ulitokwa na damu. Machunjua mawili ya kandoni yumkini yalipandwa na wembe huohuo.

Ili kulitofautisha na sugu, libane kwa vidole kutoka pembeni: chunjua kwa kawaida huuma zaidi likibanwa hivyo, ilhali sugu huuma likikandamizwa kutoka juu. Tazama pia mistari ya ngozi ya unyayo, ambayo hupita juu ya sugu bila kukatika lakini hukatika inapofika kwenye chunjua.

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisiliki, inayopatikana katika maduka ya dawa. Kila jioni loweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hivi, sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ambayo hutaitumia mahali pengine, paka dawa juu ya chunjua tu, kisha funika kwa plasta. Ngozi ikiwa nyekundu na kuwasha, pumzika siku chache. Endelea hadi majuma 12. Wengi huacha katika juma la tatu, wakasema dawa haifai.

Hospitalini chunjua huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yaani kimiminika chenye baridi kali mno, na wagonjwa wengi huiomba wakiamini kuwa ina nguvu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watu 240 wenye machunjua ya nyayo, ulilinganisha njia hiyo na asidi ya salisiliki ya asilimia 50, na baada ya majuma 12 waliopona kabisa walikuwa takriban asilimia 14 katika kila kundi. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu ya kutoharakia tiba yenye maumivu. Machunjua mengi, hasa ya watoto, hutoweka yenyewe kinga ya mwili ikishavitambua virusi, ingawa huenda ikachukua mwaka mmoja au miwili. Lisilouma laweza kuachwa.

Mwenye kisukari, ganzi ya miguu au mzunguko hafifu wa damu asijitibu nyumbani, kwani kidonda kidogo cha asidi chaweza kumletea madhara makubwa. Mwenye upungufu wa kinga naye aanzie kwa daktari. Vilevile, doa jeusi la unyayoni linalopanuka, kubadilika rangi au kutoka damu bila kuguswa lichunguzwe mapema, kwa kuwa saratani ya ngozi nayo huweza kuanzia hapo na kudhaniwa kuwa chunjua.