Kwa kaka aliyeuliza mkewe apikiwe nini akiwa kwenye kemo

Kaka, pole sana, na umfikishie wifi salamu zangu. Umesema ameanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, mwezi uliopita, nyumbani mna watoto watatu, na kila asubuhi anajikokota hadi jikoni, anawasha jiko, kisha anakaa chini analia. Umeuliza ale nini, nani apike, na kama uchovu huo ni wa kawaida. Nimeyapitia hapa hapa Dodoma, Nkuhungu, mwaka 2024. Saratani ya titi, dripu nane, moja kila baada ya siku 21, kisha upasuaji, kisha mionzi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi sikumpata wa kuniambia mapema.

Uchovu huo upo, na si uchovu tunaoujua. Ukitoka kulima unalala, asubuhi unaamka mzima. Huu unalala kwa muda wa saa kumi na unaamka kama hukufumba jicho. Siku moja nilisimama kati ya chumba na jiko, nimeshika sufuria tupu, mpaka kwenye kigoda ni hatua sita, na sikuweza kuzimaliza. Nilishika ukuta, nikateleza polepole mpaka chini, mwanangu wa kwanza akanikuta hapo. Mtu asiyejua ataona mgonjwa anadeka. Mgonjwa mwenyewe anajiona mvivu, na hilo linamuumiza kuliko dawa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenisaidia. Aliniambia nichukue daftari la shule, niandike kila siku ni siku ya ngapi tangu dripu na nimeweza kufanya nini. Nilipofika dripu ya tatu nilishajua siku zangu. Siku ya dripu na inayofuata nilikuwa mchangamfu, hata usingizi sipati, kwa sababu pamoja na kemo wananipa dawa za kuzuia kutapika na mzio zenye steroidi, dawa inayochangamsha mwili. Nguvu hizo ni za kukopa. Mara ya kwanza nilidanganyika, nikafua mashuka ya nyumba nzima, na siku ya nne sikuweza hata kushika kikombe. Ya nne mpaka ya saba ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia ya kumi nikawa napata ahueni, na wiki ya tatu nilipika mwenyewe. Za wifi zaweza kupishana na zangu, kwa hiyo aandike. Mkishazijua, pangeni chakula cha nyumba kwa siku hizo, msipange kwa Jumatatu na Jumanne. Wiki yake nzuri ndiyo ya kuchemsha maharage mengi na kuyagandisha kwa mafungu, kusaga karanga, kuandaa unga wa uji. Siku mbaya zikifika, kazi inabaki kupasha tu.

Sasa nani apike. Wewe, kaka. Na mtoto mkubwa, kwa yale anayoyaweza. Nasema hivi kwa sababu mume wangu alianza kwa kununua chipsi kila jioni, na ndani ya wiki mbili fedha zikaisha na watoto wakaanza kufunga choo. Akajifunza. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na madonge, wanangu wakaula bila kusema neno. Maji pia ni yako: huku kwetu yakija usiku kwa mgao, usimwache yeye aamke kujaza ndoo.

Lakini msimwondoe jikoni kabisa. Mama mkwe alikuja kunisaidia kwa moyo safi, akashika kila kitu, mpaka nikawa naulizia chumvi iko wapi ndani ya nyumba yangu. Nililia zaidi wiki ile kuliko wiki ya sindano. Tulipokaa tukaongea, tukakubaliana: mimi naamua kitakachopikwa, na siku ninayoweza nawekewa kiti kivulini na ungo mapajani, nachambua mchele au natoa mboga kwenye vikonyo. Moto, sufuria nzito na mwiko viwe vya wengine.

Majirani na kina mama wa jumuiya walinipenda sana. Jumamosi moja yalikuja masufuria manne ya pilau, na Jumatano hakuna aliyebisha hodi. Tena harufu ya pilau ilinitapisha nikiwa bado chumbani. Wifi yangu mmoja akafungua kundi la WhatsApp, akaandika tarehe za siku zangu mbaya, kila tarehe mtu mmoja, na chakula ni cha watoto na baba yao. Mwingine akaambiwa hapiki, kazi yake ni kufua sare za shule. Watu wakiulizwa jambo moja lililo wazi wanafurahi, kwa hiyo msione aibu kuomba.

Kuhusu chakula chake mwenyewe, adui wangu mkubwa alikuwa harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Tulihamishia jiko la mkaa nje, upande ambao upepo hauingii ndani. Chakula kilichopoa kidogo hakinuki sana, kwa hiyo nilikula cha uvuguvugu, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, bila kungoja njaa. Kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, nikaacha kijiko cha bati nikatumia cha mti, na ikasaidia. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, nikiuweza kikombe kimoja nashukuru. Juisi ya ubuyu iliyopoa ilinituliza kichefuchefu, ila vidonda vya mdomo vilipotoka ikawa inachoma kama pilipili, nikaiacha pamoja na limau na nyanya.

Hapo kwenye vidonda ndipo nilipomshukuru bibi yangu Mgogo. Mlenda, kaka. Upikwe mlaini, na karanga ndani, bila pilipili, na tonge dogo la ugali laini wa uwele. Unateleza wenyewe, huhitaji kutafuna. Supu ya nyama ilinishinda, nyama yenyewe ilinishinda, lakini mlenda, yai lililoiva na choroko zilizopondwa vilipita. Msimu wa zabibu niliziosha vizuri, nikazigandisha, nikawa nanyonya moja moja kwa jua hili la kwetu linalokausha koo. Na kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na magadi ya kuokea (baking soda), nusu kijiko cha chai kila kimoja kwenye glasi, kila baada ya kula.

Uangalifu uko hapa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi chembe nyeupe za damu zinakuwa chini sana, hata kama yeye anajisikia nafuu. Maziwa yachemshwe, mayai yaive, kachumbari iachwe kama mboga hazijaoshwa kwa maji salama, na kiporo kisichokaa kwenye friji asikile. Nunua kipimajoto leo. Joto likifika nyuzi 38, nendeni hospitali usiku huo huo, msimpe panado kwanza mkangoja asubuhi, kwani inashusha homa huku ugonjwa ukiendelea.

Nami nilikosea jambo moja ambalo sitaki mlikosee. Kabla ya dripu ya nne nilikuwa nikienda chooni narudi nahema, moyo unagonga masikioni, nikasema ni uchovu ule ule. Kumbe damu ilikuwa imeshuka mpaka 6.8. Niliongezewa damu na dripu ikaahirishwa wiki moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimekunywa juisi ya rosela kwa jagi nikidhani inanilinda. Kemo inagonga uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, juisi haiwezi kuufanyia kazi hiyo. Akihema, akipata kizunguzungu, akiwa mweupe viganjani, mwambieni daktari bila kungoja miadi. Na unga wa mlonge na mizizi watakayoleta wageni, pokea kwa heshima, weka kabatini, uliza daktari kwanza. Mimi niliambiwa niache.

Kitu kimoja kitakushangaza: kutembea kulinipunguzia uchovu kuliko kulala mchana kutwa. Saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma, mpaka dukani kwa mangi wa pembeni na kurudi, dakika kumi. Siku mbaya, mpaka getini tu. Mchana alale, lakini isizidi dakika sitini, usingizi wa usiku usimkimbie.

Mionzi itakuja baadaye kama atapangiwa. Mimi niliifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, vipindi 15, na treni ya SGR ilikuwa imeshaanza kufika Dodoma, ikaniokoa na saa nane za basi. Uchovu wake haupandi na kushuka kama wa kemo, unajikusanya taratibu wiki kwa wiki, na kwangu uliendelea mwezi mzima baada ya kumaliza.

Umesema pia mtoto wa mwisho anauliza kwa nini mama hali nao. Wetu naye aliuliza. Tulichofanya ni kutandika mkeka karibu na mlango wa chumba changu, watoto wanakula chakula chao, mimi naegemea mto na kikombe changu cha uji. Kuna siku sikunywa hata funda. Nilikaa tu, wakanisimulia ya shule, wakimaliza mdogo ananipokonya kikombe anamalizia uji wangu.