Anti, mstari wa pili umetokea asubuhi

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, nyumbani Igombe ila kazi yangu ni dagaa so muda mwingi niko kambini huko visiwa vya Ukerewe. Wiki tano zilizopita mbalamwezi ilikuwa imewaka, hatuingii ziwani, hela ya mgao iko mfukoni na hamna cha kufanya, nikajikuta nimelala na dada mmoja anayekuja kununua dagaa pale, bila kondomu. Baada ya wiki mbili mshkaji akanipa kile kipimo cha VVU cha kupitisha kwenye fizi, nikapima usiku nikaona mstari mmoja, yaani sina, nikalala zangu kwa raha. Asubuhi nakichukua nikatupe naona kama kuna mstari wa pili umefifia hivi. Alafu wife ana mimba ya miezi mitano, alivyoanza kliniki mimba ina miezi mitatu alipima akaonekana mzima, sa si ina maana na mimi mzima? Nisaidie Anti, sili wala silali.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huo mstari wa asubuhi. Kipimo cha fizi kinasomwa kuanzia dakika 20 na isizidi 40, baada ya hapo kinakauka na kinaweza kuchora chochote, kwa hiyo ulichokiona asubuhi hakihesabiki, hakisemi unao na hakisemi huna. Ila wengine mnaosoma hapa msijifariji vibaya, mstari wa pili ukitokea ndani ya muda wake hata ufifie vipi huo ni mstari, nenda kituoni.

Mi kinachonipa wasiwasi ni ule mstari mmoja wa usiku uliokulaza kwa raha. Hivi vipimo havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza baada ya kirusi kuingia, na hazitengenezwi kwa siku moja. Kwa wengi zinakuwa zimeanza kuonekana ndani ya mwezi hivi, wengine wanachelewa, ndo maana mtu anaambiwa arudi miezi mitatu baada ya tukio. Wewe ulipima wiki mbili! Hapo umejibiwa ya kabla ya kambi, ya kambini bado. Sasa nenda kapime wiki hii hii maana wiki tano inaweza kuonyesha, alafu ukikutwa huna urudi tena miezi mitatu ikitimia. Na siku nyingine kondomu ikipasuka au pombe ikikuzidi, kuna dawa za kuzuia maambukizi, PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72, kadiri unavyowahi ndivyo bora, unameza siku 28. Kwa hili lako muda ushapita, ila waambie wenzio kambini, maana ukiwa kisiwani ukasema nitaenda nikishuka Mwanza, saa 72 zinaisha unaziangalia.

Sasa la mke, na hapa nakuwa mkali kidogo. Hii tabia ya wanaume kupimia mgongoni mwa mke naisikia kila siku, "mama watoto kapima kliniki, basi wote wazima." Majibu ya mkeo ni ya mkeo. Wapo watu wameoana miaka na miaka, watoto wanne, mmoja anao mwenzie hana. Na tena yale majibu yake ni ya kabla hujaenda huko, hayajui kabisa habari ya kambi. Kibaya zaidi, kama kweli umepata, wiki hizi za mwanzo ndo virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu na ndo rahisi kumuambukiza, na akiupata sasa hivi akiwa mjamzito hatari kwa mtoto inakuwa kubwa. Kwa hiyo kondomu kuanzia leo mpaka majibu ya miezi mitatu yatoke.

Najua utasema kondomu kwa mke wa ndoa naanzaje? Hamna maneno matamu hapo, mwambie mwende wote kliniki mpime pamoja, mshauri nasaha anajua kuongoza hayo mazungumzo, si wewe wa kwanza. Na yeye atahitaji kurudia kipimo, asiseme nilishapima. Akigundulika mapema dawa zipo za kumkinga mtoto na zinafanya kazi kweli.

Kama unaogopa kuonekana hapo Igombe panda daladala nenda mjini, hospitali ya Sekou Toure wanapima, vituo vya serikali ni bure, na sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza mhudumu kutangaza majibu yako. Wanakutoboa kidole, dakika kama ishirini hivi unajibiwa. Kikisema unao hawakuachii hapo hapo, wanarudia kwa kipimo cha aina nyingine. Kile cha fizi peke yake hakimpi mtu jibu la kwamba anao. Ukithibitishwa unaandikishwa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, na dawa unaanza mapema, wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na ukienda kambini unaaga unapewa za kutosha.

SWALI: Anti mi mama wa Kirumba, natumia ARV, dawa za kufubaza VVU, mwaka wa tatu. Juzi majibu ya wingi wa virusi wakasema havionekani, nikajipima na cha fizi kikaleta mstari mmoja. Jirani ananiambia nimepona niache dawa. Kweli?

JIBU: Hapana mama, hujapona, dawa imevifubaza. Vimejificha mwilini na ukiacha vinarudi, kwa kawaida ndani ya wiki chache tu. Cha fizi hakimfai mtu anayetumia ARV, kinaweza kukudanganya kama kilivyofanya. Jirani yako mkumbushe 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu wakiamini kinaponya, na wapo walioacha dawa kwa ajili hiyo. Ila hongera, virusi visipoonekana na ukaendelea kumeza, humuambukizi mwenzio kwa tendo la ndoa. Tarehe ya CTC usiiruke.