Jeni, afyuni na uraibu: majibu kwa wasomaji

Baba yangu alikuwa mraibu wa heroini. Je, nimeurithi uraibu wake?

Uraibu wenyewe haurithiwi. Unachoweza kurithi ni wepesi wa kunaswa endapo utaonja. Watafiti waliolinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana wanakadiria kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika hatari hii hutokana na urithi. Kadirio hilo ni la kundi zima la watu, kwa hiyo halina maana kwamba wewe binafsi una uwezekano wa asilimia 50. Mweleze daktari habari za baba yako kabla hajakuandikia dawa kali ya maumivu.

Jeni ya uraibu ni ipi?

Hakuna jeni moja ya namna hiyo. Inayotajwa zaidi ni OPRM1, iliyomo katika kromosomu ya 6, ambayo hubeba maelekezo ya kuunda kipokezi, yaani protini ambayo dawa za jamii ya afyuni kama mofini, heroini na fentanili hujishikiza kwayo katika seli za neva. Katika nafasi ya 118 ya jeni hiyo, baadhi ya watu wana herufi ya DNA iitwayo G mahali ambapo wengine wana A (tofauti kama hii huitwa kibadala), na badiliko hilo hugeuza asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, katika kipokezi kizima. Herufi hiyo ya G ni ya kawaida sana Asia ya Mashariki, hupungua Ulaya, na ni adimu Afrika kusini mwa Sahara. Tafiti ndogo ndogo zilibishana kwa miaka mingi iwapo inahusiana na uraibu, hadi mwaka 2020 ulipochapishwa uchunguzi wa jenomu (DNA yote ya mtu) uliohusisha zaidi ya watu 100,000, wengi wao wakiwa askari wastaafu wa Marekani. Uhusiano ulionekana kwa wenye asili ya Ulaya, nao ulikuwa mdogo. Kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika haukuonekana, jambo lisiloshangaza sana kwa kuwa kibadala chenyewe ni adimu kwao na waliopimwa walikuwa wachache zaidi.

Kwa nini kodeini humlevya mmoja, na mwingine haimpunguzii hata maumivu?

Kodeini peke yake ni dhaifu mpaka kimeng'enya cha ini (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho CYP2D6 kiigeuze kuwa mofini. Mwenye nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho hujikuta na mofini nyingi kwa muda mfupi, ilhali asiye na nakala inayofanya kazi haambulii kitu. Wenye nakala hizo za ziada ni wachache Ulaya ya Kaskazini, lakini nchini Ethiopia wamepatikana wengi, zaidi ya robo ya waliopimwa. Baada ya vifo vya watoto waliopewa kodeini walipotolewa mafindofindo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikasema isitumiwe kwa walio chini ya miaka 12. Nikiri kwamba hapa tunazungumzia hatari ya sumu zaidi kuliko uraibu, ingawa watu huchanganya mambo haya mawili.

Basi yapo mataifa yenye uraibu katika damu?

La. Askari wengi wa Marekani waliozoea heroini Vietnam waliiacha waliporejea kwao, na ni takriban asilimia 5 tu waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Jeni zao zilikuwa zile zile; kilichobadilika ni mazingira.

Je, kipimo cha jeni kinaweza kunitabiria?

Desemba 2023, FDA iliidhinisha kipimo cha hatari ya uraibu wa afyuni kinachotumia ute wa ndani ya shavu kuchunguza vibadala 15, ijapokuwa mwaka uliotangulia jopo la washauri wake lilikuwa limekipinga kwa kura 11 dhidi ya 2. Binafsi nisingekitegemea. Wingi wa vibadala hutofautiana baina ya jamii, na wakosoaji wameonyesha kwamba hesabu za aina hii zinaweza kutambua nasaba ya mtu badala ya hatari yake, hivyo mtu akaambiwa yumo hatarini kwa sababu tu ya walikotoka mababu zake.