Jibu: Filamu ipi ilitisha zaidi usiku wa Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31 ya mambo ya kutisha?
Mkuu, umeuliza kati ya zile filamu tulizokesha nazo pale kibanda umiza (banda la video) Mwanga, Kigoma, ipi kali. Kwangu namba moja ni filamu yenyewe ya Halloween, ya 1978, bila ubishi. Damu haba, ila ule muziki wa kinanda aliotunga mwongozaji John Carpenter mwenyewe ulimfanya jamaa wa mlangoni avute benchi ndani kimyakimya. Na ile barakoa nyeupe ya muuaji ni sura ya Kapteni Kirk wa tamthilia ya Star Trek, imepakwa rangi!

Ya pili Psycho, 1960. Damu ya yale mauaji ya bafuni ni shira ya chokoleti, lakini fidla zikianza kulia utasahau.

The Exorcist naiweka mwisho, mnitukane tu. DJ anatafsiri huku anatania pepo, nani ataogopa? Itazame peke yako, bila DJ.