Buibui la dola milioni 75

Kabati la Bibi Maleba: majibu kwa wasomaji

*Shikamoo Bibi. Wanangu wanaimba nyimbo za The Lion King kuanzia asubuhi hadi kulala. Jirani yangu ananiambia aliyeiongoza ile ya jukwaani ndiye huyohuyo aliyekuja kutengeneza ya Spider-Man, na kwamba hiyo ya pili ilimeza mamilioni ikaanguka. Mtu anawezaje kujua leo, kesho asijue? — Mama Watatu, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Jirani yako kasema kweli. Mama huyo anaitwa Julie Taymor. Mwaka 1998 alichukua tuzo mbili za Tony, zile za tamthilia za Broadway, yaani kumbi kubwa za New York, kwa The Lion King, moja ya uongozaji na moja ya maleba, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kupata hiyo ya kuongoza tamthilia ya nyimbo. Mimi, mnavyonijua, niliiangalia zaidi ile ya maleba.

Julai 2012 binti yangu anayeishi New Jersey alinipeleka New York, nikaziona zote mbili, Jumanne moja na Alhamisi nyingine. Jumanne nilikaa kiti cha pembeni, tembo akanipita karibu kunigusa bega. Kinyago cha Mufasa hakimfuniki mtu uso, kinakaa juu ya kichwa. Unamwona simba na unamwona mwanadamu aliye chini yake, na baada ya dakika mbili umesahau kwamba ni viwili. Nimeshona miaka thelathini na kitu, sijawahi kufanya jambo gumu namna ile likaonekana jepesi. Walipomtaja yule fisi Shenzi nilicheka peke yangu, safu nzima ikanigeukia. Niwaeleze nini?

Alhamisi ikawa zamu ya buibui. Kwetu pwani buibui ni mdudu na pia ni vazi, kwa hiyo nilikwenda na matumaini mara mbili. Muziki ulikuwa wa Bono na The Edge, wale wa bendi ya U2. Maleba ya Eiko Ishioka, Mjapani aliyekuwa na Oscar kabatini. Gharama dola milioni 75, na hakuna tamthilia ya Broadway iliyokuwa imewahi kukaribia hapo. Tena ukumbi wenyewe unatazamana na ule ambamo The Lion King ilifunguliwa mwaka 1997, unavuka tu barabara ya 42.

Waandishi wa habari walizipenda sana zile kamba za kumrushia Spider-Man hewani. Usiku wa kwanza wa majaribio, yaani maonyesho ya kabla ya ufunguzi rasmi, Novemba 28, 2010, onyesho lilisimama mara kadhaa, na Spider-Man akabaki ananing'inia juu ya vichwa vya watu kama nguo iliyosahaulika kambani. Desemba mwanasarakasi mmoja alianguka kwa sababu kamba yake haikuwa imefungwa, akaumia vibaya. Majaribio yalifika 182. Wahakiki walichoka kusubiri ufunguzi, wakaandika Februari 2011 bila kualikwa. Machi Taymor akaondolewa, ukumbi ukafungwa majuma matatu ili kisa kishonwe upya, na Juni 14 ndipo pakasemwa kwamba sasa tumefungua.

Lakini kamba hukazwa, mwanangu. Mimi naona mambo yaliharibika kwa Arachne. Huyo ni mfumaji wa hadithi za Kiyunani aliyegeuzwa buibui, na Taymor alimpenda kupita kiasi, akampa nafasi kubwa katika kisa cha kijana Peter Parker, Spider-Man mwenyewe, ambaye watazamaji ndiye waliyemlipia. Katika toleo la kwanza palikuwa na wimbo ambamo mabuibui wa kike, wafuasi wa Arachne, wanaiba viatu na kuvivaa. Viatu! Niliposoma habari hiyo niliweka sindano chini. Hebu fikiria: kuna mtu alivibuni, mwingine akavitengeneza, mwingine akamlaza mchezaji chini na kumpima mguu, tena kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Wote hao, wiki ya kwanza kabisa, hakuna aliyeuliza: huyu buibui viatu anavipeleka wapi?

Nilichokiona mimi ni lile toleo lililokwisha kufanyiwa upasuaji, viatu havimo na Arachne kapunguzwa. Spider-Man alitua kwenye kijia, hatua nne kutoka kitini kwangu. Niliona kamba zilivyoshikizwa kiunoni na mishono ya mgongoni yote imelala, hakuna uzi uliochomoza. Nilishika mdomo. Kisha akaruka akaenda zake, wakaanza kuzungumza, nami nikaangalia saa.

Na usidhani watu hawakwenda. Wiki ya mwisho ya 2011 waliuza tiketi za dola milioni 2.9, na Broadway ilikuwa haijawahi kuona wiki ya namna hiyo. Ila kuiendesha kulikuwa kunakula zaidi ya milioni moja kila wiki. Walifunga Januari 4, 2014, sehemu kubwa ya fedha za waliowekeza ikiwa imepotea.

Swali lako lilikuwa anawezaje kujua leo na kesho asijue. Kwenye The Lion King alikabidhiwa kitambaa kilichokwisha kufumwa. Filamu ilikuwepo tangu 1994, kila mtoto anajua nani anakufa na nani anarudi. Kazi yake ilikuwa kukata na kushona, na kwa hilo hana mpinzani. Kwenye Spider-Man alishiriki kukifuma kisa chenyewe pia. Ni mikono miwili tofauti hiyo.

*Bibi Maleba, tumesoma darasani kwamba tamthilia ya nyimbo Merrily We Roll Along ilifungwa baada ya wiki mbili mwaka 1981, halafu 2024 ikashinda Tony. Kwa hiyo wahakiki wa zamani walikuwa vipofu? — Mwanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam*

Hapana, waliona walichoonyeshwa. Stephen Sondheim akitunga nyimbo na Harold Prince akiongoza, walikuwa wameshatoa tamthilia tano tangu 1970, na ya tano, Sweeney Todd, ilizoa tuzo. Hii ilikuwa ya sita. Kisa chake kinakwenda kinyumenyume: kinaanza na marafiki watatu wa makamo ambao urafiki wao umekwisha, kinarudi nyuma hatua kwa hatua hadi walipokuwa vijana wenye ndoto. Prince akaamua wote waigizwe na vijana, wengine miaka 16, mkubwa wao 25. Sasa wewe uko kitini, pazia limefunguka, binti wa miaka ishirini anakuja kukulilia ndoa iliyovunjika zamani. Onyesho linalofuata ana umri mdogo zaidi, na uso ni uleule.

Watu wakashindwa kujua nani ni nani. Maleba aliyobuni Judith Dolan yakawekwa kando katikati ya majaribio, badala yake wakavalishwa mafulana mazito yenye maandishi kifuani, kumwelezea mtazamaji huyu ni nani katika maisha ya yule. Aliyeigiza mhusika mkuu akabadilishwa, na mwalimu wa kucheza naye akabadilishwa. Walifungua Novemba 16, wakaonyesha mara 16, basi.

Habari ya fulana zile huwa inanichoma kwa sababu nami niliwahi kuifanya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kikundi kimoja kiliniita Dar es Salaam kushonea tamthilia ya nyimbo kuhusu urithi wa nyumba. Aliyeandika mashairi alikuwa mshairi wa kuheshimika, aliyetia muziki alikuwa bingwa wa taarabu, na wa ngoma alikuwa ameshazunguka Ulaya na kikundi chake. Majina siyataji. Ndugu wa marehemu walikuwa wengi kiasi kwamba hata mimi niliyewapima viuno niliwachanganya. Nikatoa wazo, na wazo hilo ni langu, simsingizii mtu: kila mmoja avae kanga yenye jina linalomfaa. Kanga 22 nilizinunua mwenyewe. Shangazi mchonganishi nikampa *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*.

Usiku wa kwanza shangazi katoka, kabla hajafungua kinywa bibi mmoja safu ya mbele akaisoma ile kanga kwa sauti. Ukumbi ukacheka. Aliyefuata, wakasoma watu watano. Kufikia wa nne ukumbi mzima ulikuwa unasoma kwa pamoja kama darasa la kwanza, waigizaji wanasubiri wamalize. Mashairi ya yule mzee hakuna aliyeyasikia. Wakubwa wale watatu walikaa mstari mmoja na mgeni rasmi, kila mmoja akiamini kilichoharibika ni cha mwenzake. Tulionyesha mara nne. Siku hizi nikiona vazi linahitaji maandishi ili nimjue mwenye kulivaa, nageuka kumtafuta mwandishi.

Turudi kwa Sondheim. Nyimbo zilikuwa nzuri tangu siku ile ya kwanza. Siku iliyofuata baada ya kufungwa, vijana wale walikwenda studio kuzirekodi, na Frank Sinatra mwaka huohuo alikuwa ameshaimba mmojawapo. Kilichofuata ni miaka ya kupunguza na kuongeza: kuanzia 1985 maandishi yalirekebishwa, nyimbo nyingine zikatolewa na mpya zikaingia. Iliyofika Broadway mwaka 2023 iliongozwa na Maria Friedman, ambaye mwaka 1992 aliwahi kuigiza humo mwenyewe huko Leicester, Uingereza, kwa hiyo aliijua kwa ndani. Akawapa watu wazima wale watatu: Jonathan Groff, Lindsay Mendez na Daniel Radcliffe. Wakiwa na huzuni mwanzoni unawaamini, na wakiwa vijana mwishoni unawasamehe. Sondheim hakuiona hii ikifika Broadway, alifariki Novemba 2021.

*Kati ya hawa wakubwa, nani alianguka haraka kuliko wote? Nina ubishi wa kumaliza. — Msomaji, Tanga*

Wote siwezi kuwapanga foleni, lakini kwa ubishi wa barazani chukua hii. Mwaka 1976 Leonard Bernstein, mwenye muziki wa West Side Story, na Alan Jay Lerner, mwenye maneno ya My Fair Lady, walitoa 1600 Pennsylvania Avenue, kuhusu Ikulu ya Marekani. Coca-Cola ndiyo iliyotoa fedha. Karibu miaka mia moja ya marais, na rais mmoja baada ya mwingine akaigizwa na mtu yuleyule. Maonyesho saba. Kilichotia uchungu ni kwamba ilikuwa katika ukumbi wa Mark Hellinger, ambamo My Fair Lady ilikaa miaka. Bernstein alikataa isirekodiwe, kisha akawa anachomoa vipande vya muziki wake na kuvitia katika kazi nyingine, kama mtu anayefumua gauni ili aokoe kitambaa. Ukumbi wenyewe sasa ni kanisa.

Mshindani wako akileta The Capeman ya 1998, mwambie hiyo ilifika maonyesho 68. Humo alikuwemo mwanamuziki Paul Simon, na mshairi Derek Walcott mwenye Nobel ya fasihi. Dola milioni 11 zikaenda.

*Shikamoo Bibi. Shule yetu inaandaa tamthilia ya nyimbo kwa mahafali. Mtunzi mstaafu mwenye jina kubwa ametutungia nyimbo 14 bila kutulipisha. Wimbo wa sita una beti kumi na moja, na watoto wanaochezeshwa humo wanasinzia wamesimama. Nitamwambiaje mzee kama huyu? Halafu maleba hatuna fedha. — Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwalimu. Usimwambie kitu. Mwalike mazoezini siku ya kupitia yote kuanzia mwanzo, lakini usimkalishe mbele wala usimletee kiti cha mgeni. Mkalishe nyuma kabisa, kwenye benchi, katikati ya kidato cha kwanza ambao hawamo katika mchezo. Bingwa wetu wa taarabu alikaa na mgeni rasmi, hakuyaona matako yanavyosogea kwenye viti. Mzee wako akifika ubeti wa tano atakuwa amesukumwa kiwiko na mtoto anayemwomba mwenzake kalamu. Mtu aliyetunga maisha yake yote atajua la kufanya, na pengine atazifuta beti zaidi ya ulizotaka wewe. Asipozifuta, muulize swali moja tu: ubeti wa saba watoto wafanye nini kwa mikono? Hapo mwache ajibu, hata akinyamaza muda mrefu.

Ila usifanye hivyo wiki ya mahafali. Fanya bado kuna mwezi, kwa maana kumfundisha mtoto asahau beti sita ni kazi kuliko kumfundisha azijue.

Kuhusu maleba, zile kanga 22 ninazo hadi leo. Nimezikunja kwenye sanduku na karafuu, rangi haijaenda popote. Mtume dereva wa shule akija Bagamoyo, azichukue. Nimezipindia zote, maandishi yako kwa ndani.