Filta ya koi: usipime kwa macho

Karibu kila anayetaka kufungiwa filta ya bwawa la koi, samaki wa mapambo, husema anataka maji ya kuona mpaka chini. Ombi halali, ila koi hafi kwa sababu maji ni ya kijani. Anakufa kwa amonia, na amonia haina rangi. Kuna mabwawa ambayo ungeiona sindano ikiwa imelala chini, na bado samaki wamejazana pale maji yanapoangukia, mapezi wameyabana ubavuni, wanatweta. Kwa hiyo kabla ya pampu, kabla ya mabomba, nunua kipimo cha matone cha amonia na cha nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia. Vile vya amonia vinavyopatikana zaidi madukani hubaki njano kama maji ni salama. Rangi ikianza kuelekea kijani, filta haijatosha, hata kama maji yanang'aa.

Halafu jua unafuga nini. Koi ni jamii ya kapi, aliyechaguliwa kwa rangi zake na wakulima wa Niigata, Japani, tangu karne ya 19. Yule wa urefu wa kidole unayemnunua leo anaweza kufika sentimita 60, na mnyama wa ukubwa huo anakula sana. Amonia yake nyingi hutokea kwenye matamvua, sio kwenye kinyesi, kwa hiyo hata bwawa lililofagiliwa kila siku linajaa amonia.

Hesabu ya kwanza ni ujazo. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1.2 ni lita 7,200. Maji yote yapite kwenye filta walau mara moja kila saa mbili, maana yake lita 3,600 kwa saa. Hapo wauzaji wanatupiga chenga: namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu imepimwa bila kupandisha maji popote. Ukiyapandisha mita moja na nusu na kupitisha kwenye elbo nne, mkondo unapungua sana. Pima mwenyewe. Weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba, angalia saa. Ikijaa kwa sekunde 20, umepata lita 3,600 zako. Angalia na wati pia, kwa sababu pampu hii haizimwi usiku wala mchana: ya wati 100 inakula uniti 72 kwa siku 30, na LUKU haina huruma.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Uchafu mzito utoke kwanza, wafuate bakteria wanaokula amonia na nitriti, pampu iwe ya mwisho. Ukiitumbukiza pampu bwawani, inasaga kinyesi kuwa uji, na uji ule hautuami tena. Mwambie fundi aweke tundu la kutolea maji katikati ya sakafu ya bwawa, alivute kwa bomba la inchi 4 mpaka kwenye tangi la kwanza, na tangi hilo likae chini kiasi kwamba kimo cha maji yake kilingane na cha bwawa. Maji yatakwenda yenyewe. Bomba liingie kwa pembeni, likiambaa na ukuta wa tangi, ili maji yazunguke polepole na tope lishuke katikati, palipo na koki ya kulimwaga.

Mafundi wengi watakuletea pipa la bluu la lita 200 kwa kazi hii. Kataa. Kwa mkondo wa lita 3,600 kwa saa, maji yanakaa humo dakika tatu na ushei tu, tope linapita na safari. Tangi la lita 500 linakupa zaidi ya dakika nane. Mapipa ya bluu yatumie hatua ya pili, kuwekea makazi ya bakteria.

Makazi hayo hayahitaji kuagizwa kutoka nje. Kinachotakiwa ni eneo kubwa la uso ambalo maji na hewa vinapita bila kuziba. Mawe ya volkano yanasifiwa sana, nami sina ugomvi nayo, ila vitundu vyake huziba kwa tope na kuyaosha ni kazi ya kibarua. Napendelea mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya yaliyokatwakatwa, au vifuniko vya chupa za maji, vikajazwa kwenye mifuko ya wavu inayouziwa vitunguu. Mfuko unautoa kwa mkono mmoja. Uoshe kwenye ndoo ya maji ya bwawa, kamwe sio chini ya bomba, maana klorini ya maji ya mjini inaua bakteria walewale unaowafuga. Na usioshe mifuko yote siku moja. Chini ya mifuko weka jiwe la hewa, lile linalotoa viputo vya hewa ya pampu, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 20, na bakteria hawa wanaigombania na samaki.

Taa ya UV inaua mwani unaoelea. Amonia haigusi. Hela ikibaki, nunua.

Saruji mpya hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, kwa hiyo bwawa lake lijaze, umwage, ujaze tena, mpaka pH itulie. Kwenye nyuzi 28, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu. Kwenye pH 8 inakaribia asilimia 7. Amonia ileile, hatari mara kumi.

Ukishawasha, filta bado ni mapipa matupu. Bakteria huchukua wiki nne mpaka nane kujijenga. Anza na samaki wachache, walishe kiduchu, pima kila baada ya siku moja. Amonia itapanda kisha ishuke, halafu nitriti itapanda, na yenyewe huchelewa kuondoka. Kipindi hicho badilisha robo ya maji inapobidi, yawe yameshatolewa klorini, na weka kilo 1 ya chumvi tupu isiyoongezwa kitu kwa kila lita 1,000. Kloridi yake inazuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Rafiki mwenye bwawa la zamani lenye samaki wazima akikupa mfuko wake mmoja mchafu, umeokoa wiki kadhaa.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni hewa: pampu ndogo ya hewa ya betri, jiwe moja bwawani na jingine kwenye pipa. Ukikosa hiyo, na umeme ukarudi baada ya saa nyingi, usikimbilie swichi. Maji yaliyolala kwenye pipa yameishiwa oksijeni na yamejaa vilivyooza, utayajua kwa harufu. Fungua koki ya chini, yamwage yote, jaza pipa upya kwa maji ya bwawa, ndipo uwashe. Siku mbili zinazofuata samaki wasile, na upime amonia asubuhi na jioni.