Amplifaya ya hedifoni: upande wa kushoto uko chini
Ndugu wa Mbarara, umesema kushoto kunafifia volyumu ikiwa chini, ila ukiipandisha pande zinalingana. Hapo mshukiwa ni potenshiometa, yaani kile kitufe cha kuzungusha volyumu. Zile pacha (mbili kwenye mhimili mmoja, moja ya kushoto na moja ya kulia) za bei nafuu, njia zake mbili za kaboni hazifuatani vizuri mwanzoni mwa kuzungusha kitufe.

Kwanza badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye ingizo. Udhaifu ukihama upande, kosa liko kwenye simu inayocheza muziki au waya wake. Usipohama, jaribu hedifoni nyingine.

Kabla ya kununua potenshiometa mpya, punguza ukuzaji. Kama IC yako (chipu inayokuza sauti) imeungwa kwa namna isiyogeuza mawimbi juu chini, na ina rezista za 10k na 1k (k ni kilo-ohm) zinazopanga ukuzaji, inakuza mara 11, nyingi mno kwa hedifoni za kawaida. Weka 2.2k badala ya 10k, pande zote mbili, za asilimia 1; utapata mara 3.2, na kitufe kitafanya kazi katikati, ambako njia hizo hulingana zaidi. Lehemu tena miguu ya potenshiometa ukiwa hapo.

Kisha washa amplifaya, upime volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye tundu la hedifoni, hedifoni zikiwa nje. Zikizidi milivolti 50, usichomeke. Na kama transfoma ya 240V imo ndani ya kasha, chomoa plagi kabla ya kulifungua au kulehemu; usipoizoea, mpe fundi.